Marikebu za Ziwa na Nili, na Abiria Waliokosa Starehe

Katika kata ya Nyarugusu, iliyo mkoani Geita, ndani ya nchi iliyojulikana tangu zamani kwa jina la Uzinza, riziki hutafutwa ardhini, katika dhahabu, wala si majini, na mazungumzo ya watu, asubuhi hata jioni, aghalabu huhusu duara, yaani shimo la mchimbaji, lililotoa na duara lililokauka, bei ya gramu na foleni ya karasha, mtambo wa kusagia mawe. Kwa hiyo lilikuwa jambo la ajabu pale mfanyabiashara mmoja wa huku kwetu, mwenye mwalo wake wa kuoshea dhahabu na mali ya kutosha, alipojaliwa kwenda Umra, akarejea kwa njia ya Misri, akatuletea habari za safari ya starehe aliyoifanya juu ya mto Nili, kati ya Luxor na Aswan, katika marikebu iliyo mfano wa hoteli. Alikuwa ameonyeshwa picha ya dirisha linalofunguka juu ya maji na mitende. Na dirisha lake, kila marikebu ilipotia nanga, lilifungukia dirisha la marikebu nyingine, maana vyombo vile, kwa wingi wake, hufungwa ubavu kwa ubavu, vitatu, vinne au zaidi, na abiria wa chombo cha nje huvuka kumbi za vyombo vya ndani ndipo awahi ufukoni. Penye ukuta wa kuzuia maji wa Esna, ambapo chombo huingizwa katika birika refu la mawe, malango yakafungwa, maji yakapandishwa au kushushwa hata chombo kikawa sawa na upande wa pili, walikaa kungoja zamu usiku kucha, moshi wa mitambo ukiwaingilia vyumbani. Na mahekalu ya kale, ambayo kwa ajili yake alitoa fedha zake, aliyapita mbio nyuma ya kiongozi aliyeinua bendera.

Waliomsikiliza walidhani kwamba ni nuhusi yake yeye peke yake. Mimi, ambaye kwa miaka mingi nimekuwa nikikusanya habari za vyombo vya ziwa letu, Victoria Nyanza, na vya mto utokao katika ziwa hilo, naliona jambo hilo kuwa na asili ndefu, na asili yenyewe ni hii: marikebu za Nili na za Nyanza, nyingi zake tangu za kwanza, hazikuundwa kwa ajili ya tafrija ya mtu, bali kwa ajili ya shehena, vita na dola; starehe ilipakiwa baadaye, juu ya marobota ya pamba, na ikauzwa kwa picha kama vile mwenye duara tupu auzavyo kwa jiwe moja linalong'aa.

Tuanze na Misri, maana ndiko biashara hii ilikozaliwa. Mwaka 1869, mwaka ule ule uliofunguliwa mfereji wa Suez, Mwingereza Thomas Cook aliongoza kundi lake la kwanza la watalii kupanda Nili, katika marikebu za moshi zilizokodiwa kwa serikali ya Khedive Ismail. Kabla ya hapo mtu mwenye mali alikodi dahabia, chombo cha tanga chenye vyumba, akaenda kwa matakwa ya upepo, miezi miwili au mitatu, akisimama apendapo. Kwa marikebu ya Cook safari ilipimwa kwa majuma, na saa ya kuteremka na saa ya kupanda ziliandikwa tangu London. Unafuu wa gharama ulileta watu wengi, na wingi wa watu ukaleta haraka, na kelele, na lawama za wale wa dahabia, ambao waliwaona wageni hawa kuwa wameuharibu mto. Na vyombo hivyo vya tafrija havikusita kurudi katika kazi ya dola pale dola ilipovihitaji, kwani mwaka 1884, jemadari wa Kiingereza Gordon alipohusuriwa Khartoum na jeshi la Mahdi, ilikuwa ni kampuni ya Cook iliyopewa kazi ya kuwapandisha mtoni askari wa Kiingereza wapatao 18,000 pamoja na zana zao.

Huku kwetu maji yalikuwa na watu wake kabla ya mvuke. Wazinza, Wakerewe na Wasukuma walivuka ghuba na visiwa kwa mitumbwi. Waganda walikuwa na majeshi yao ya majini. Na katika miaka ya 1870 mfanyabiashara wa Kiarabu aliyeitwa Songoro alikuwa Ukerewe akiunda jahazi, akaja kuuawa huko mwezi Desemba 1877 pamoja na wamisionari wa Kiingereza Smith na O'Neill, katika ugomvi wao na mtemi wa kisiwa hicho. Zaidi ya miaka miwili kabla ya hapo, mwezi Machi 1875, msafiri mashuhuri Stanley alikuwa ameondoka Kageyi, pwani ya Usukuma, kulizunguka ziwa katika mashua yake iliyoitwa Lady Alice. Na mashua hiyo ilikuwa imekuja kutoka pwani ya Bahari ya Hindi vipande vipande, mabegani mwa wapagazi. Namtaka msomaji aliweke jambo hili moyoni, kwa kuwa karibu kila chombo kikubwa kilichofuata katika maziwa yetu kilikuja hivyo hivyo: kiliundwa Ulaya, kikafunguliwa, kikabebwa, kikaungwa upya ufukoni, na gharama ya kukileta ilikuwa kubwa mno kiasi kwamba hapana serikali wala kampuni ambayo ingalikubali kuilipa kwa ajili ya mtu anayetaka kutazama viboko.

Marikebu ya kwanza ya moshi ya Waingereza katika ziwa, William Mackinnon, ilifunguliwa vipande na kutumwa Mombasa mwaka 1895, ikashushwa majini Kisumu mwaka 1900 tu, baada ya baadhi ya vipande vyake kupotea au kuachwa njiani vichakani. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwezi Desemba 1901, kazi ikawa nyepesi: zikaja Winifred na Sybil, kisha Clement Hill na Nyanza, na baadaye Usoga na Rusinga. Upande wa Wajerumani reli ilichelewa, na Mwanza haikuiona garimoshi hata mwaka 1928, chini ya Waingereza. Kwa hiyo ngozi, karanga na pamba za Usukuma zilikwenda Mombasa kwa kuvuka ziwa, na marikebu zilizozipakia ndizo zilizowapakia wasafiri wa daraja la kwanza, kwa meza zenye vitambaa vyeupe, huku chini yao shehena ikipangwa na makuli.

Wakubwa wa dunia walizipanda. Winston Churchill, alipokuwa naibu waziri wa makoloni, alivuka ziwa mwaka 1907, akashuka na Nili hata Misri, na mwaka uliofuata akatoa kitabu cha safari hiyo. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alivuka kutoka Kisumu hadi Entebbe mwezi Desemba 1909. Vitabu na mihadhara ya watu wa namna hii ndivyo vilivyowasha shauku ya wengine, na wale waliofuata walitarajia kuyaona yale yale. Lakini katika miaka hiyo hiyo ugonjwa wa malale ulikuwa umeshika pwani ya kaskazini ya ziwa, ukawaua watu zaidi ya 200,000 katika Buganda na Busoga, na serikali, ili kuwatenga watu na mbung'o, ikawahamisha wenyeji kutoka ufukoni na kutoka visiwa vya Ssese. Msafiri aliyesimama sitahani akaona visiwa vya kijani visivyo na moshi wa jiko hata mmoja, aliandika ama kwamba ni pepo isiyokaliwa, ama kwamba ziwa ni zuri lakini linachosha kwa upweke. Wenye kauli hizo mbili walikuwa wakitazama makaburi na mashamba yaliyoachwa, na sijui kama kuna aibu kubwa zaidi katika historia ya utalii wetu kuliko hii, ya mtu kulalamikia ukimya wa mahali bila ya kuuliza waliokuwa wakisema pale wamekwenda wapi.

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza likaja jambo ambalo hasa nakusudia kulieleza, nalo ni njia kuu ya maji na nchi kavu kutoka Afrika Mashariki hadi Kairo, iliyonadiwa na mashirika ya reli ya Kenya na Uganda na ya Sudan kuwa ni safari ya maisha. Katika ramani njia ile ilikuwa uzi mmoja mwekundu usiokatika. Katika hali yake ya kweli, abiria aliyevuka ziwa kutoka Kisumu alishuka Jinja, akapanda garimoshi la Busoga, lililofunguliwa mwaka 1912, hata Namasagali; hapo akaingia katika marikebu yenye gurudumu nyuma, ama Stanley, ama Speke, ama Grant, ikisukuma matishari ya pamba katika ziwa Kyoga, ambalo ni ziwa la kina kifupi lililojaa mafunjo na mayungiyungi; akashuka Masindi Port, akachukuliwa kwa motokaa hadi Masindi, ambako shirika la reli lilijenga hoteli mwaka 1923; akateremka bonde la ufa mpaka Butiaba; akaingia marikebu Samuel Baker, au, tangu mwaka 1930, Robert Coryndon, iliyoletwa vipande kutoka Uingereza; akavuka ziwa Albert; akahamia marikebu Lugard mpaka Nimule; na hapo, kwa kuwa mto unaporomoka juu ya miamba ya Fula na hapana chombo kinachopita, akapakiwa tena motokaani, akapigwa na vumbi zaidi ya kilomita 150, ndipo akafika Juba, akakuta marikebu ya Sudan.

Kila mahali alipobadilisha chombo, kilichoamua saa ya kuondoka kilikuwa shehena. Marobota ya pamba yakichelewa, abiria alichelewa. Yakiwa mengi, tishari liliongezwa, na mwendo ukapungua. Wahesabu wa shirika hawakuwa na hila katika hili, kwa kuwa pamba ya Lango na Teso ndiyo iliyolipa makaa, kuni na mishahara, na nauli ya Mzungu mmoja wa daraja la kwanza, hata ingekuwa kubwa namna gani, isingaliweza kuendesha gurudumu la Speke kwa siku nzima. Hila ilikuwa katika tangazo. Lilimweleza msafiri habari za maporomoko, tembo na machweo, ambayo yote yalikuwapo na ni ya kweli, wala halikumweleza kwamba kati ya tembo mmoja na mwingine palikuwa na siku za kukaa gatini akitazama watu wakipakia.

Taabu kubwa ilimngoja mbele. Kutoka Juba hadi Kosti ni masafa ya kilomita 1,435 kwa mto, na sehemu kubwa yake ni kinamasi kile kiitwacho Sudd, ambacho mto wenyewe hupotea ndani yake, ukagawanyika, ukapinda, ukarudi nyuma, ukafunikwa na mafunjo marefu kuliko mtu. Askari wa Nero, mfalme wa Roma, walioupanda mto katika karne ya kwanza kutafuta chemchemi zake, walikomea huko. Na njia haikupatikana hata safari za nahodha wa Kituruki Salim, aliyetumwa na Muhammad Ali wa Misri kati ya mwaka 1839 na 1842. Wasafiri wa marikebu waliokuja karne moja baadaye hawakupambana na hatari ya namna ile. Walichopambana nacho ni ukuta wa mafunjo kulia, ukuta wa mafunjo kushoto, mbu wasioisha, joto lisilo na upepo, na chombo kilichofungwa matishari mbele na ubavuni, kikigonga ukingo penye kila kona na kujisukuma tena. Daraja la kwanza walikuwa na vyumba vyenye wavu wa mbu. Daraja la chini walikaa katika matishari, na mbuzi wao, na vyungu vyao, na watoto wao. Na kwao hao, Washilluk, Wadinka na Wanuer waliokuwa wakienda sokoni, hospitali au kazini, safari ile haikuwa ya kusikitisha hata kidogo, kwa maana hapakuwa na njia nyingine, na marikebu iliyofika, hata kama imechelewa siku tatu, ilikuwa ni neema.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Chombo kilikuwa kimoja, mto ulikuwa mmoja, na siku zilikuwa zile zile. Aliyenung'unika ni yule aliyeuziwa mto kama tamasha. Sisemi hivyo ili kumcheka, kwani fedha yake ilikuwa halali na matumaini yake yalikuwa halali, na mtu aliyeweka akiba ya miaka kwa ajili ya furaha moja ana haki ya kuambiwa kweli kabla hajalipa.

Hata wale waliotumwa kuitengeneza picha yenyewe hawakusalimika. Mwaka 1951 mwongozaji John Huston alikuja na watu wake kupiga filamu ya The African Queen, iliyotokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, ambayo nayo iliongozwa na vita vya ziwa Tanganyika na marikebu ya Wajerumani Graf von Goetzen, ile iliyozamishwa na wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa, ikarudi majini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Filamu ilipigwa Kongo na Uganda, na Lugard ya pili ilitumika kuwalaza watu hao. Wengi wao waliugua tumbo vibaya kwa sababu ya maji machafu, hata kazi ikasimama. Dunia iliiona mito yetu katika filamu ile, ikaipenda. Mwezi Januari 1954 mwandishi Ernest Hemingway, akiwa angani juu ya maporomoko ya Murchison ili kumwonyesha mkewe uzuri wake, ndege yake iligonga waya wa simu ikaanguka; wakaokolewa na mashua ya watalii iliyopita kesho yake, wakapelekwa Butiaba, na ndege iliyowachukua hapo nayo ikashika moto ikiruka.

Njia kuu ile haikufa kwa malalamiko, ilikufa kwa maji. Mvua za mwaka 1961 na miaka iliyofuata zililiinua ziwa Victoria kwa kadiri ya mita mbili na nusu. Kyoga na Albert zikafurika pia. Gati za Namasagali na Butiaba zikaingia majini, na Robert Coryndon ikazama mwaka 1964 pale pale bandarini pake. Kaskazini, mwaka huo huo, mji wa kale wa Wadi Halfa ulifunikwa na maji ya bwawa kuu la Aswan, na Wanubi wakahamishwa mbali na mto wao. Na kabla ya hapo, yule aliyesoma katika vitabu kwamba msafiri wa Kiingereza Speke, tarehe 28 Julai 1862, alisimama akaona Nili ikiruka kutoka ziwani, akaja Jinja baada ya bwawa la Owen kufunguliwa mwaka 1954, hakuyakuta maporomoko ya Ripon, yalikuwa yamezama. Maporomoko ya Bujagali, yaliyochukua nafasi yake katika matangazo, nayo yalizamishwa na bwawa jingine mwaka 2011. Umeme ni haja ya mamilioni, nami siwezi kuulaumu. Ila vitabu vya wageni viliendelea kuyataja maporomoko hayo muda mrefu baada ya kutoweka kwake.

Katika ziwa letu, kilele cha fahari kilikuwa marikebu Victoria, iliyoundwa Glasgow, ikaungwa upya Kisumu, ikaanza kazi mwaka 1961, ikiupunguza sana muda wa kulizunguka ziwa. Watalii walipanda, nao walipewa vyumba vyema. Lakini wapandaji hasa walikuwa wachuuzi wa ndizi, walimu wanaohamishwa, wanafunzi, wagonjwa wa kwenda Mwanza, na baadaye watu wa dhahabu, waliovuka kuja Geita kila habari ya mgodi mpya iliposikika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, marikebu ziligawanywa, na mzunguko wa ziwa zima ukakatika. Kisha ikaja tarehe 21 Mei 1996, marikebu MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza, wakafa nayo mamia ya watu. Na baada ya siku hiyo, katika nyumba nyingi za mikoa ya ziwa, maneno ya kuchelewa, kubanana na chakula kibaya yalikoma kuitwa msiba wa safari. Leo Victoria imekarabatiwa, na Mwanza imeunda marikebu kubwa mpya iliyoshushwa majini mwaka 2023, ya abiria 1,200; na sisi wa Geita, tuliozoea kungoja kivuko cha Busisi, tangu mwaka 2025 tunavuka kwa daraja lenye urefu wa kilomita tatu hivi.

Nimeandika haya yote kwa sababu biashara ya safari za starehe majini sasa inabisha hodi mlangoni kwetu. Katika ghuba za upande wetu wa ziwa kipo kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977, kinachofikiwa kwa mashua kutoka Nkome na Kasenda, na vijana wa Geita waliochoshwa na maduara wameanza kufikiri habari za kununua mashua na kuwapokea wageni. Tangazo lao la kwanza, kama nilivyoona likitungwa, lina sokwe mtu katika picha. Sokwe wa Rubondo ni uzao wa wale waliorudishwa kutoka mabustani na sarakasi za Ulaya, wakaachiwa kisiwani kati ya mwaka 1966 na 1969 kwa juhudi za Profesa Bernhard Grzimek. Msitu ni mzito, na mgeni aweza kutembea kutwa akasikia sauti zao tu. Wakati wa upepo wa kusi ziwa huchafuka mchana, na mashua ndogo hulazimika kuondoka alfajiri au kutoondoka kabisa. Kuna tai wavuvi, sitatunga, viboko na mamba wanaoonekana kwa yakini, na samaki wa ziwa hawapikwi popote vizuri zaidi ya Nkome. Nimewaomba vijana hao waandike yote mawili katika karatasi moja, upepo na tai, sokwe wasioonekana na viboko wanaoonekana, pamoja na saa ambayo mashua haitatoka hata kama mgeni amelipa. Nao wamekubali kuhusu upepo, na kuhusu sokwe wangali wanashauriana.